Ngozi ya Ng'ombe wa Gemu Haiuzwi Chwele

Tuanze kwa kusema jambo moja wazi: hatuna ugomvi na gemu. Kijana anayetoka shambani Kiminini jioni, akaoga, akala, kisha akashika simu kucheza kwa saa moja, hajamkosea mtu. Wengine hutazama mpira, wengine hupiga soga kwenye stendi ya bodaboda. Kila mtu na raha yake.

Shida yetu ni moja, na inahusu kazi yetu, yaani pesa. Gemu nyingi za siku hizi zina soko ndani yake, na soko hilo linafanana sana na masoko tunayoyajua. Unawinda mnyama, unapata ngozi, unauza, unapata sarafu. Namba inapanda kwenye skrini. Na kwa kuwa salio lako la pesa pia ni namba kwenye skrini hiyo hiyo, ni rahisi kuanza kuamini kwamba namba hizo mbili ni ndugu.

Sisi tunasema si ndugu. Hata ujirani hawana. Anayelijua hilo atacheza kwa amani. Asiyelijua ndiye anayejikuta ametumia pesa ya mbolea kununua dhahabu ambayo hawezi kuitoa kwa ejenti yeyote, awe wa Kitale au wa Bungoma.

Ng'ombe wa Lumbridge

Tuchukue gemu moja ili tuzungumze juu ya kitu tunachokijua. RuneScape ilianzishwa mwaka 2001 na kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. Toleo lake la kizamani, Old School RuneScape, lilifunguliwa 2013, na tangu Oktoba 2018 linachezwa pia kwa simu. Watu wengi sana huwa ndani kwa wakati mmoja, kila mmoja na mhusika wake, wakifanya kazi, wakipigana na kuuziana vitu.

Mchezaji mgeni huanzia karibu na mji unaoitwa Lumbridge. Hapo pana zizi la ng'ombe. Ukimuua ng'ombe unapata vitu vitatu: mifupa, nyama mbichi na ngozi. Baada ya muda mfupi ng'ombe mwingine anatokea pale pale. Pia kuna kuku, ambao wanatoa nyama, mifupa na manyoya, na manyoya hayo yana wateja kwa sababu yanatumika kuvulia samaki na kutengenezea mishale. Mkoba wako una nafasi 28 tu. Ukijaa, unatembea hadi benki iliyo juu kabisa kwenye kasri la Lumbridge, unaweka ngozi zako, unarudi zizini.

Ukishakusanya za kutosha, unazipeleka kwenye soko kuu la gemu hiyo. Unataja bei yako, mnunuzi anataja yake, zikikutana biashara imekwisha. Hata ushuru upo: kuanzia Desemba 2021 muuzaji alikatwa asilimia 1 ya mauzo mengi, lengo likiwa kupunguza sarafu na vitu vilivyojaa kupita kiasi ndani ya gemu.

Mpaka hapo, mtu wa Chwele hana cha kushangaa. Anajua ushuru wa soko. Anajua kwamba kila mtu akileta kuku siku moja, bei inashuka. Kwenye gemu ni vile vile. Ngozi ya ng'ombe ni rahisi kuipata, kwa hivyo haina bei kubwa. Ngozi ya joka la kijani ina bei zaidi kwa sababu majoka hayo yanapatikana hasa katika nyika ya hatari, ambako wachezaji wengine wanaruhusiwa kukuua na kukunyang'anya ulichobeba. Bei inafuata jasho na hatari.

Kwa hivyo mzazi anayesema gemu haifundishi chochote hajaiangalia vizuri. Kijana anayejua kungoja bei ipande kabla ya kuuza ngozi zake amejifunza kitu ambacho kitamfaa na mahindi.

Mlango wa kuingia upo, wa kutoka haupo

Tofauti inaanza unapotaka kutoka na mali yako.

Ng'ombe aliye zizini kwako Kimilili ni wako. Unaweza kumuuza leo, ukamuuza mwaka ujao, ukamchinja wakati wa harusi, au ukakamua maziwa ukayapeleka kwa anayenunua. Ukikosana na mnunuzi mmoja, unakwenda kwa mwingine. Hakuna kampuni inayoweza kuamka Jumatatu na kusema kwamba kuanzia leo ng'ombe wako hatoi ngozi.

Ng'ombe wa Lumbridge ana mwenyewe, naye ni Jagex. Ngozi ni yake, sarafu ni zake, hata mhusika uliyemlea miaka mitano ni wake. Wewe umepewa ruhusa ya kumtumia. Kampuni inaweza kubadilisha bei, kiasi kinachopatikana au sheria za mchezo. Ikikuta umevunja sheria, inafunga akaunti, na kila kitu kilichokuwa benki ya kasri kinabaki humo.

Sasa angalia njia ya pesa. Ukitaka kuingiza pesa halisi, mlango uko wazi. Kuna kitu kinaitwa bondi: unainunua kwa pesa halisi, kisha ukitaka unaiuza kwa mchezaji mwenzako akupe sarafu za gemu, naye anaitumia kulipia siku 14 za uanachama. Hiyo ni halali kabisa. Lakini bondi haigeuki kuwa pesa tena. Na kuuza sarafu za gemu kwa pesa halisi kunakatazwa na sheria za Jagex. Pesa inaingia, haitoki.

Hilo si kosa la Jagex. Gemu ni burudani, na burudani inalipiwa. Ukilipa kuingia uwanjani kutazama mpira hungoji kurudishiwa pesa timu yako ikifungwa. Tunachotaka ulijue ni hili: siku unayotuma pesa kwenye gemu, hiyo pesa imetumika. Hujaiwekeza wala hujaiweka akiba. Ihesabu pamoja na soda na nauli.

Namba mbili kwenye simu moja

Kuna anayeuliza: kwani salio langu la pesa si namba tu pia? Ni swali zuri, na tunafurahi kulijibu.

Ni namba, ndiyo, ila nyuma yake kuna kitu. Nchini Kenya huduma za malipo zinaongozwa na Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ya 2011 na kanuni zake za 2014, chini ya Benki Kuu. Kanuni hizo zinataka pesa za wateja ziwekwe kwenye akaunti ya amana, mbali na pesa za kampuni yenyewe. Ukimpa ejenti Sh500, shilingi hizo hazigeuki hewa. Zimewekwa mahali, na namba unayoiona ni haki yako ya kuzidai. Ndiyo maana unaweza kuingia duka la ejenti lolote kati ya Kitale na Bungoma ukatoka na noti.

Mkulima ataelewa haraka akifikiria stakabadhi ya ghala, ile iliyowekewa sheria yake mwaka 2019. Karatasi yenyewe hailiwi. Inakuwa na thamani kwa sababu kuna magunia ghalani yaliyopimwa na kuandikwa. Magunia yakikosekana, karatasi inafaa kuwashia moto.

Sarafu ya gemu ni stakabadhi isiyo na ghala. Thamani yake inatoka kwa mchezaji mwingine ambaye leo anaitaka. Akichoka na gemu hiyo akahamia nyingine, hakuna mlango wa kubisha.

"Lakini kuna watu wanapata pesa"

Wapo, na hatutaficha. Mwaka 2017, pesa ya Venezuela ilipokuwa ikiporomoka kwa mfumuko wa bei, wachezaji wengi wa nchi hiyo waliingia RuneScape kuwinda yale majoka ya kijani. Walikusanya mifupa na ngozi, wakauza ndani ya gemu, kisha sarafu wakaziuza kwa watu wa nchi nyingine ili wapate dola. Kwa baadhi yao ilikuwa chakula cha familia. Mtu aliyefika hapo hatuwezi kumcheka.

Lakini tazama walivyofanya kazi hiyo. Saa nyingi mbele ya skrini, wachezaji wengine wakiwawinda nyikani, na juu ya yote, akaunti ambayo ingeweza kufungwa wakati wowote kwa sababu biashara yenyewe ilikuwa imekatazwa. Hiyo ni kazi ya mtu ambaye njia nyingine zimefungwa. Haifai kuuzwa kwa vijana wetu kama fursa.

Mfano wa pili ni Axie Infinity, gemu ya kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam. Huko ulihitaji viumbe watatu ili uanze, nao walinunuliwa kwa pesa halisi. Viumbe wako wakishinda mapigano, unapata tokeni zinazoitwa SLP, ambazo ziliweza kuuzwa. Mlango wa kutoka ulikuwapo. Mwaka 2021 watu wengi, hasa Ufilipino, waliifanya kazi. Waliokosa mtaji walikopeshwa viumbe na wenye navyo, wakagawana mapato.

Julai 2021 SLP moja ilikuwa zaidi ya senti 30 za dola. Kufikia katikati ya 2022 ilikuwa chini ya senti 1. Katikati ya safari hiyo, Februari 2022, kampuni iliondoa SLP zilizokuwa zikitolewa kwa kupigana na wanyama wa kompyuta, kwa sababu tokeni zilikuwa zimezidi. Mwezi uliofuata wezi wa mtandaoni wakaiba zaidi ya dola milioni 600 kwenye mfumo uliobeba pesa za gemu hiyo.

Kwa nini bei ilianguka? Kwa sababu SLP ilitumika hasa kuzalisha viumbe wapya, na viumbe wapya waliuzwa kwa wachezaji wapya. Wageni walipopungua, hakukuwa na mlaji.

Sisi wa Kenya hatukuhitaji kwenda Ufilipino kulijua hilo. Tunawakumbuka kware. Mwaka 2013 na 2014 nchi nzima ilishikwa na homa ya mayai ya kware. Watu walikimbilia kibali cha Shirika la Wanyamapori, KWS, wakanunua ndege kwa bei ya juu, wakajenga vizimba. Kwa miezi kadhaa pesa ilionekana, kwa sababu kila mfugaji mpya alikuwa mteja wa mfugaji wa zamani. Kisha kila aliyetaka kufuga akawa tayari anafuga, na ikaonekana walaji wenyewe walikuwa wachache. Bei ikaanguka.

Na bado mwenye kware alikuwa na nafuu moja: aliweza kumchinja akamla na ugali. Kiumbe wa gemu hachinjwi.

Kwa hivyo mtu akikutumia kiungo kwenye WhatsApp akisema nunua ndege, au ng'ombe, au joka, atakutagia pesa kila siku, muulize swali moja: anayekula hayo mayai ni nani? Akijibu kwamba utalipwa ukileta watu wengine, umepata jibu. Funga hiyo simu ukalale.

Tuma kwanza

Kuna hatari nyingine, ndogo kwa kiasi lakini ya kila siku. Tuchukue mfano wa vijana wawili wasiojuana. Mmoja yuko Kitale, anataka sarafu za gemu haraka. Mwingine anasema yuko Bungoma, karibu na Kanduyi, na anazo. Wanakutana kwenye kundi la wachezaji.

"Bro, elfu moja tu nakupea milioni mbili."

"Sawa, nipee kwanza nione."

"Hapana, tuma kwanza. Nimechezewa sana na watu."

Wa Kitale anatuma. Wa Bungoma, kama kweli yuko Bungoma, anatoa pesa na kuzima laini. Wa kwanza anatupigia akitaka muamala urudishwe.

Hapa tuongee ukweli hata kama hautapendeza. Huduma ya kurejesha muamala iliwekwa kwa ajili ya mtu aliyekosea nambari. Haikuwekwa kusimamia mauziano ya vitu ambavyo hakuna anayeweza kuvipima. Na pesa ikishatolewa, hakuna salio la kuzuia. Unaweza kuripoti kwetu na kwa polisi, na ufanye hivyo mapema, ukihifadhi ujumbe wa muamala na mazungumzo yote. Lakini usitume ukitegemea kwamba tutarudisha.

Ukumbuke pia kwamba gemu yenyewe haitakusaidia. Ukiiandikia kampuni kwamba umetapeliwa ukinunua sarafu nje ya soko lake, umejishtaki mwenyewe. Unaweza kupoteza pesa na akaunti siku moja.

Kuna wanaoenda mbali zaidi, wakiomba nywila ya akaunti "wakupandishie levo", au PIN yako "ili malipo yapite". Hakuna malipo halali yanayohitaji umtajie mtu PIN. Sio gemu, sio benki, sio sisi. Anayeiuliza anataka pesa yako.

Pesa iliyo karibu na gemu

Hatusemi gemu haiwezi kumlisha mtu. Ukitembea katika miji yetu utakuta chumba chenye runinga na pleisteshini, vijana wamekaa kwenye benchi wakilipia kila mechi kwa zamu. Utakuta kioski cha kuchaji simu, duka la kuuza bando, saiba ambayo jioni inageuka uwanja wa mashindano. Hawa wote wanapata pesa kwa sababu ya gemu, na hakuna hata mmoja anayeuza ngozi ya Lumbridge.

Tofauti yao ni ipi? Mteja wao anapata kitu alichokiona: mechi imechezwa, simu imejaa chaji, bando limeingia. Pesa inayolipwa ni shilingi, na jioni mwenye duka anaweza kuitoa, kulipa kodi ya chumba na kununua unga. Kijana mwenye akili ya soko la gemu, yule anayejua kungoja bei na kuona wateja wanataka nini, hapa ndipo akili hiyo inalipa. Akianza, afungue nambari ya biashara tofauti na laini yake ya kawaida, ili ajue duka limeingiza ngapi na yeye amekula ngapi.

Kwa mama na baba mwenye simu

Mara nyingi simu inayocheza gemu ni ya mzazi. Mtoto anaifahamu kuliko mwenyewe. Hatupendekezi umnyang'anye. Tunapendekeza mambo matatu ya kawaida. PIN yako ya pesa isiwe mwaka uliozaliwa wala iliyoandikwa nyuma ya kalenda. Kwenye duka la programu la simu, weka kwamba kila ununuzi lazima uidhinishwe. Na mkubaliane kiasi, kwa mdomo, mchana peupe: pengine Sh100 kwa mwezi, pengine sifuri. Mtoto anayejua kiasi chake haibi. Anayefichwa ndiye anayejifunza kufuta ujumbe wa muamala kabla mama hajauona.

Na wewe mtu mzima unayecheza, jiwekee kiasi vile vile. Kisitoke kwenye karo wala mbegu, na kamwe kisiwe mkopo wa simu. Gemu ya kukopea inakutoza mara mbili, na riba hailipwi kwa sarafu za Lumbridge.

Ukitaka kipimo cha haraka kabla hujabonyeza kutuma, jiulize: nikibadilisha mawazo kesho asubuhi, nitaitoa wapi? Ukiweza kutaja duka, ejenti, au mtu unayemfahamu kwa sura, hiyo bado ni pesa. Ukikosa la kutaja, hiyo ni bei ya burudani. Ikiwa unaimudu, lipa ufurahie. Ikiwa huimudu, ng'ombe wa Lumbridge hawana haraka. Ukimuua mmoja, mwingine atatokea pale pale, bure.